Picha za Wenzake Bi Zuhura

Ujumbe wa Mwanaidi ulinikuta ofisini, katikati ya kazi ileile niliyoianza ujanani: mtu kabuni kitu, anataka kukiombea hataza, nami natakiwa nitazame kama hakuna mtu duniani aliyemtangulia. "Shangazi, bibi ametutoka alfajiri. Hitma Ijumaa ijayo. Jitahidi uje." Mwanaidi ni mjukuu wa Bi Zuhura. Mimi na yeye hatuna damu moja hata tone, lakini ameniita shangazi tangu alipoanza kusema. Nilimpigia, nikampa pole, nikamwambia mimi si mtu wa kulialia, halafu nikaanza kulia katikati ya sentensi, ikabidi yeye mfiwa ndiye anibembeleze mimi. Nilipokata simu nilirudi kwenye kompyuta. Msimbo wa kutafutia niliokuwa nauandika ulikuwa umeishia nusu. Nikaumalizia, nikabonyeza, majina ya waliotangulia yakaanza kushuka kwenye kioo, na baada ya miaka mingi ya kuyaona ni majina tu, nikakumbuka kwamba kila moja lilikuwa la mtu aliyekaa mahali fulani akihangaika na chombo chake huku akidhani yuko peke yake. Hilo sikufundishwa na ofisi. Nilifundishwa Kilindoni, kisiwani Mafia, katika nyumba ya Bi Zuhura, mwaka nilioishi pale nikiwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye cheti kipya na mdomo mrefu kuliko akili.

Nilipelekwa Mafia na ofisi moja ya Dar es Salaam ambayo sitaitaja, kwa kuwa baadhi ya waliokuwa wakubwa zangu bado wako hai na wanajua namba yangu ya simu. Kazi ilikuwa hivi. Mtu akibuni chombo kipya hupewa hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasikitengeneze kwa muda fulani, naye kwa upande wake hukubali michoro na maelezo yake yawekwe wazi, kila mtu asome. Muda ukiisha, chombo ni cha wote. Wakubwa zangu walitaka zikusanywe hataza za sekta nzima ya nazi ambazo muda wake umekwisha, ili wajasiriamali wadogo wazitumie bure. Wazo zuri, sina ugomvi nalo. Lakini mtu mmoja kwenye kikao alisema kwamba kama ni nazi, nazi ziko Mafia, basi na anayezitafuta akae Mafia, na hakuna aliyeuliza kompyuta inayosoma nyaraka za Marekani na Japani inahitaji mnazi wa nini. Nikapewa meza katika chumba kimoja cha ofisi ya serikali, kompyuta, printa, na dishi la intaneti juu ya bati, ambalo lilichoka kila mvua ilipotanda. Wenzangu wa ofisini, walimu na manesi wa kutoka bara kama mimi, walinionea huruma. Walidhani nimeadhibiwa.

Chumba cha kulala nilikipata kwa Bi Zuhura, mjane wa makamo aliyekuwa akiishi na wifi yake, Bi Saumu, dada wa marehemu mumewe. Ilikuwa nyumba yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, na kuta zake hazikufika kwenye paa, kama zilivyo nyumba nyingi za pwani, ili hewa ipite. Hewa ilipita, na maneno yalipita pia. Ndani ya wiki moja nilijua nani mtaani anataka kuoa wapi na nani amemkatalia, na wao bila shaka walijua kwamba ninakoroma. Dirisha langu lilitazama uani, kwenye lundo la makumbi ya nazi na masufuria makubwa ambamo Bi Zuhura alipikia mafuta ya nazi ya kuuza. Kitanda kilikuwa cha kamba, chandarua kilikuwa na viraka vya kanga, na kwenye pembe, karibu na kichwa changu, kulikuwa na kitu kilichofika kiunoni, kimefunikwa gunia na kufungwa kwa kamba ya makumbi mafundo matatu.

"Hicho usikiguse," Bi Zuhura aliniambia siku ya kwanza. "Wala usikiangalie."

"Bi Zuhura, nitalala nacho chumba kimoja. Nisikiangalieje?"

"Utaangalia ukutani."

Bi Saumu alikuwa ukumbini akichambua mchele. "Mwache mtoto wa watu, wifi," akasema. "Hata akikiona hatakijua. Mimi mwenyewe nimekiona na sijakijua."

Basi nikaangalia ukutani. Mchana nilikuwa nahangaika na nazi za kwenye kompyuta. Nilianza kama anavyoanza kila mtu, kwa neno. Niliandika nazi kwa Kiingereza, nikaletewa sabuni, pipi, magodoro, dawa za nywele, na kitu kimoja cha kuogeshea mbwa. Nilichokitaka hakikuwamo, na kilichokuwamo sikukitaka. Zaidi ya hapo, nyaraka za zamani hazikuwa na maneno ndani ya kompyuta hata kidogo. Zilikuwa picha za karatasi tu, na kompyuta haisomi picha, hivyo ungeweza kuandika neno mpaka kucha zidondoke na zisitoke. Nilimpigia simu Bwana Kessy, aliyenifundisha kazi kule Dar es Salaam, mtu mwenye subira ya ajabu na kikohozi kisichokwisha. Nikamwambia hii kazi haiwezekani. Akakohoa, akasema, "Neema, acha maneno. Neno ni la mtu, kila mmoja analiita analotaka. Msimbo ni wa kazi."

Akanifafanulia upya mambo ambayo darasani niliyaandika bila kuyasikia. Kila hataza duniani, iwe ya lugha gani, mkaguzi huipa msimbo kulingana na kazi ambayo chombo kinaifanya. Herufi ya kwanza ni mlango mkubwa. Ukiingia mlango A umeingia mahitaji ya binadamu. Namba ishirini na tatu inakupeleka kwenye vyakula, N kwenye mashine za kushughulikia matunda na mboga baada ya kuvunwa, tano kwenye kufua, yaani kutoa makumbi, na kuvunja matunda yenye ganda gumu, na ukishuka mpaka sifuri tatu umefika kwenye nazi yenyewe. A23N 5/03. Lakini mafuta ya nazi yako mlango mwingine kabisa, kwa C, pamoja na mafuta yote. Nyuzi za makumbi ziko kwa D, na kamba ziko D vilevile ila chumba kingine. Nazi moja, nikaikuta imegawanywa nyumba nzima. Ukitaka sekta huna budi kujiuliza kwanza nazi inafanyiwa nini na nini, kisha uende chumba hadi chumba ukibisha hodi. Nilibandika misimbo yangu ukutani, na siku niliyoandika ule wa kufua, zikatoka karatasi za kila nchi yenye mnazi na nyingine zisizo na mnazi hata mmoja, za kale na za juzi, nyingi ambazo neno lisingezifikia kamwe. Nilicheka peke yangu mle ofisini. Hadi leo msimbo ukikubali huwa nacheka.

Jioni ile tulikula wali na pweza wa nazi, na Bi Zuhura akauliza, kama alivyouliza kila jioni bila kusikiliza jibu, leo serikali umeifanyia nini. Nikamweleza. Nilipofika kwenye vyumba, akaacha kutafuna.

"Kwa hiyo wafuaji wa nazi wako chumba kimoja?"

"Wenye mashine za kufulia, ndiyo."

"Wa dunia nzima?"

"Wa dunia nzima, Bi Zuhura. Waliokufa na walio hai."

Aliendelea kula, lakini aliacha kunisogezea minofu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Baadaye kidogo, wakiwa chumbani kwao wanakunja nguo, nikawasikia juu ya ukuta. Sikuwa natega sikio kwenye maneno ya watu. Yalinifuata yenyewe kitandani.

"Wifi, nimwambie?"

"Mwambie. Au unangoja Makame amwambie? Juzi msibani kule Baleni kasimama mbele za watu anasema ile mashine ni akili yake, wewe ulipeleka vyuma tu."

"Vyuma tu," akasema Bi Zuhura. Akarudia tena, pole pole, "Vyuma tu."

Asubuhi, kwenye chai ya mchaichai na mihogo, alinionesha kiganja chake cha kulia. Nilikuwa nimeliona kovu lake siku nyingi na sikuwahi kuuliza. Alipofiwa na mume alianza kufua nazi mwenyewe kwa ajili ya mafuta, kwa kifuo, ile ncha ya chuma inayosimikwa ardhini, ambayo unaipiga nazi juu yake na kuipindua mpaka kumbi liachie. Ni kazi ya mabega na ya kujiamini. Siku moja nazi iliteleza, kifuo kikapita kiganjani, na tangu hapo mkono ule haukushika kitu kwa nguvu tena. Ndipo akaanza kuwaza jinsi ya kufua kwa mguu. Aliwaza miaka miwili, akichora mchangani uani kila siku na kufuta kwa ufagio watu wasione, kisha akampelekea Makame, fundi wa kuchomelea vyuma kule Baleni, amuunganishie. Makame aliunganisha, na alipomaliza akaanza kutangaza kuwa ni yake. Na watu walimsadiki, kwa kuwa Makame ni fundi na Bi Zuhura ni mpika mafuta.

"Nasikia kuna karatasi ya serikali inayosema kitu fulani kimetoka kichwa cha nani," akasema. "Naitaka hiyo. Fedha sina haja nayo. Nataka Makame aisome."

"Inabidi kwanza tuone kama hakuna aliyekutangulia. Nioneshe mashine, nitafananisha."

"Hapana." Aliliangalia lile gunia kupitia mlango wa chumba changu. "Kikishaonwa kimeshachukuliwa. Wewe niletee picha za wenzangu. Zote. Mimi nitaijua yangu."

Leo, kama mteja angeniambia nimtafutie kitu bila kunionesha ni kitu gani, ningemwonesha mlango. Wakati ule nilikubali, kwa sababu nilikuwa mpangaji, na kwa sababu pweza wake alikuwa mtamu. Tena, kwa namna yake, yule mama alikuwa ameuelewa msimbo kuliko nilivyoueleza mimi: huhitaji kuijua sura ya kitu ukishajua kinakaa chumba gani. Basi kila Jumamosi alasiri nilirudi na furushi la michoro niliyoichapa, tukatandika mkeka uani, na Bi Zuhura akavaa miwani ya marehemu mumewe, yenye mkono mmoja, akaanza kuwapokea wenzake.

Sijawahi kufurahia kazi yangu kama Jumamosi zile. Kiingereza hakukijua na hakukihitaji. Aliishika karatasi mbali, akaigeuza, akafuata mistari kwa kidole mpaka akaona nazi inaingilia wapi na kumbi linatokea wapi, kisha akatoa hukumu. "Huyu hajafua nazi maishani mwake. Ataishikia wapi?" Ilikuja mashine kubwa ya kiwandani, yenye mikanda na magurudumu kurasa nne. "Hii itakula nazi zote za Mafia mpaka Juani kabla ya adhuhuri. Halafu sisi tufanye nini, tucheze bao?" Ikaja nyingine ndefu yenye miguu sita, na Bi Saumu, aliyekuwa anajifanya hasikilizi, akatupia jicho na kusema, "Hicho ni kitanda." Kuna mtu mmoja, nadhani alikuwa wa Brazil, aliyeweka kiti kidogo kwenye mashine yake ili mfuaji akae. Bi Zuhura alimtazama yule muda mrefu. "Huyu ana mama," akasema, na ile karatasi akaibandika jikoni kwa ugali. Nilianza kuwaona kama alivyowaona yeye. Ofisini walikuwa namba. Uani kwake walikuwa watu: mvivu, mbishi, mwenye haraka, mwenye huruma. Na kila Jumamosi ilipoisha bila aliyemtangulia kutokea, alivua miwani na kuniambia, kama anayenibariki, "Hayumo." Nami nilianza kuamini, na kinyume na nilivyofundishwa nilianza kuomba, asiwemo.

Alitokea mwanzo wa masika. Ilikuwa karatasi ya kale sana, iliyochapwa kabla mama yangu hajazaliwa, mojawapo ya zile ambazo ndani yake kompyuta haioni neno. Mwenyewe alikuwa mtu wa visiwa vya Ufilipino. Jina lake la kwanza lilikuwa Anselmo, na la pili sitaliandika, lina wenyewe. Mimi niliiweka katikati ya furushi kama nyingine, kwa sababu sikujua. Mvua ilikuwa imenyesha, tumekaa barazani badala ya uani, Bi Saumu anakuna nazi, na Bi Zuhura anatania kila karatasi. Akaishika ile. Kidole kikaenda kwenye mguu wa mashine, kikapanda, kikafika juu, kikasimama. Nilingoja utani. Bi Saumu akaacha kukuna. Bi Zuhura akaikunja ile karatasi mara mbili, akaitia ndani ya kanga, akainuka na kusema anakwenda kuswali, na alasiri ilikuwa imeshaswaliwa.

Jioni tulikula mihogo bila mtu kuniuliza nimeifanyia nini serikali. Kisha nikawasikia juu ya ukuta.

"Nimetanguliwa, wifi."

"Na nani?"

"Na mwanamume, tena."

Bi Saumu, ambaye mwaka mzima sikumsikia akimwambia wifi yake neno laini, akasema, "Njoo ulale huku kwangu leo." Mimi nililala naangalia ukutani, na niliumia. Niliumia kama vile mimi ndiye niliyemwiba. Nilijiambia nilifanya kazi yangu, na kweli nilikuwa nimeifanya, wala haikunisaidia.

Asubuhi aliingia chumbani bila hodi na kufungua yale mafundo matatu. Gunia likaanguka. Kilikuwa chombo kidogo kuliko nilivyokiwazia: nguzo ya chuma juu ya ubao, kanyagio chini, na juu visu viwili vilivyoshikana kama mdomo wa koleo. Unaisukuma nazi juu yake, unakanyaga, visu vinaachana na kumbi linapasuka. Akaiweka karatasi ya Anselmo kando yake. Sikuhitaji miwani. Mguu kwa mguu, kisu kwa kisu, tofauti ikiwa sehemu moja tu ya nyuma ambayo kwake haikuwapo.

"Niambie ukweli," akasema. "Nitaipata ile karatasi yangu?"

"Hutaipata, Bi Zuhura. Hataza ni ya kitu kipya, na hiki kimeshawekwa wazi zamani."

"Nilitaka jambo moja tu. Niseme hiki kimetoka kichwani mwangu."

"Na kimetoka kichwani mwako. Wewe hukuiona karatasi yake, wala yeye hakuuona mchanga wako."

"Serikali inalijua hilo?"

"Serikali haiulizi hivyo. Inauliza nani wa kwanza."

"Basi serikali haijui kuuliza," akasema, akakaa kwenye kitanda changu na kulia, kwa sauti ndogo, huku ameshika mkono wake mbovu kwa ule mzima. Nilikaa naye. Nilimwambia ambalo nilipaswa kumwambia tangu mwanzo, kwamba hataza ile muda wake ulikwisha zamani, na kwamba chombo sasa hakina wa kukizuia, anayetaka atengeneze. Alikuwa hasikilizi. Halafu akasikiliza.

"Kwa hiyo si yangu."

"Si yako."

"Wala si ya Makame."

"Hata kidogo."

Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Yu hai, huyu bwana?"

Nilihesabu. "Haiwezekani, Bi Zuhura. Ni zamani mno."

"Alikuwa na mkono mbovu?"

Hilo sikulijua, na karatasi haikulisema. Nimesoma maelfu ya hataza tangu siku ile, na hakuna hata moja iliyonieleza kwa nini mtu aliamka siku moja akaanza kuwaza.

Jumatatu yake tuliipakia mashine kwenye pikapu iliyokuwa inafuata nazi Baleni, tukapanda nayo. Makame alikuwa kibandani kwake na watu wake watatu wanne wanaokaa kutazama cheche, na alipomwona Bi Zuhura akaongeza sauti ya nyundo. Bi Zuhura aliitandaza ile karatasi juu ya fuawe, mbele ya wote, ikabidi aache kugonga.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Tazama."

Makame akatazama. Alikuwa fundi kweli, hilo sitamnyima, kwa kuwa uso wake ulibadilika kabla ya kidole kufika katikati ya mchoro. "Nani kakuchorea?"

"Kajichorea mwenyewe. Bwana wa visiwani huko, mbali, kaichora kabla baba yako hajaoa. Jina lake hilo hapo. Kwa hiyo wewe si mwenyewe na mimi si mwenyewe, na ukisimama tena msibani, umtaje yeye."

Wale watu wakacheka, na Makame akachekwa vya kutosha, lakini hakuondoka kwenye karatasi. "Hili jiwe la nyuma," akasema. Ndiyo ile sehemu ambayo kwetu haikuwapo. Yule bwana alikuwa amening'iniza uzito kwa kamba nyuma ya nguzo, ili mguu ukiachia, visu vijirudi vyenyewe. Ile ya Bi Zuhura ilibidi visu virudishwe kwa mkono kila nazi, kwa mkono uleule usioshika. Nilikuwa sijui. Alikuwa ameificha mashine yake ndani ya gunia muda wote huo, na kasoro yake imejificha nayo, kwani angeionesha kwa nani? Bi Zuhura akainama upande mmoja wa fuawe, Makame upande wa pili, vichwa vyao karibu vigusane, na ugomvi wao ukaisha palepale bila mtu kumwomba mwenzake radhi. Wote wawili walikuwa wameshindwa na mtu mmoja. Kabla ya adhuhuri jiwe lilikuwa limefungwa. Bi Zuhura alifua nazi ya kwanza, akaachia kanyagio, visu vikajifunga, na akasimama anavitazama. "Alikuwa na mkono mbovu," akasema. "Au alikuwa na mtu mwenye mkono mbovu."

Mashine ile haikurudi chini ya gunia. Ilikaa uani, na aliyetaka kuja kupima vipimo alipima. Mwezi wa hitma ya mumewe, ambayo aliifanya kila mwaka, alinituma sokoni na kunituma tena, kisha wali ulipopakuliwa na kufika wakati wa kutaja wanaokumbukwa na nyumba ile kabla ya kula, akamtaja mumewe, akawataja wazazi wake, akamtaja Bwana Anselimu. Ndivyo lilivyotoka mdomoni mwake. Bi Saumu akamvuta kanga.

"Wifi, humjui dini yake."

"Mungu anaijua. Mimi nimemtaja kwenye sinia, sikumtaja kwenye dua."

Bi Saumu akaiachia kanga. "Haya," akasema, "lakini apewe na kachumbari."

Mwaka ukaisha, ofisi ikaniita, sekta ya nazi nikaikabidhi ikiwa imepangwa kwa misimbo yake chumba kwa chumba, na wakubwa wakaifungia kabatini, lakini hiyo ni habari nyingine na inanipandisha hasira. Nilirudi Kilindoni mara kwa mara, kwa harusi, kwa msiba wa Bi Saumu, Mwanaidi alipozaliwa. Kila nilipokwenda niliziona: uani kwa huyu, uani kwa yule, nguzo, kanyagio, jiwe la nyuma. Nyingine zina kiti. Siku moja nikamuuliza Bi Zuhura kama bado inamuuma. Alikuwa mzee tayari, anafua kwa mguu huku anazungumza. "Iliniuma kwa kuwa nilidhani niko peke yangu," akasema. "Baadaye nikaona kwamba kuwa peke yangu ndiko kulikoniuma." Akaniambia niondoe mguu wangu pale, nitaumia.

Ijumaa nilifika, na mwanawe mkubwa, baba yake Mwanaidi, ndiye aliyesimamia. Dua ilisomwa na wanaojua kuisoma, nami nilikaa nyuma na kanga yangu kichwani kama mgeni mwenye adabu. Masinia yakaja. Tulikuwa wanawake sita kwenye sinia letu, Mwanaidi kando yangu, na kando yake binti mmoja aliyeolewa katika ukoo juzijuzi, bado ana hina mikononi. Baba yake Mwanaidi akaanza kutaja kutoka ukumbi wa wanaume, sauti ikapita juu ya ukuta kama zamani. Akamtaja baba yake. Akamtaja shangazi yake Saumu. Akamtaja mama yake Zuhura. Kisha akamtaja Bwana Anselimu, bila kubabaika, kama mtu anayetaja jina la nyumbani.

Yule binti akamwinamia Mwanaidi. "Huyu Anselimu ni wa upande gani? Wa baba au wa mama?"

"Wa upande wa bibi," akasema Mwanaidi. "Walikuwa pamoja kwenye mambo ya kufua nazi. Mimi sikumdiriki, nilizaliwa hayupo."

Kazi yangu ni kusema nani alimtangulia nani, na kwa miaka gani, na kwamba hawa wawili hawakuwahi kuonana. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Mwanaidi akanigeukia. "Shangazi, wewe si ulikuwa unaishi hapa? Ulimdiriki?"

"Mimi ndiye niliyemleta," nikasema. "Jumamosi moja, mvua inanyesha."

Yule binti akanitazama upya. Akanisogezea sinia upande wangu, akachagua mnofu mkubwa, akauweka mbele yangu, na kunipa pole ya kufiwa.